Kilima kimoja, karatasi mbili: historia ya kununua udongo Kabare na Walungu

Mkaaji wa Bukavu akipata pesa kidogo, jambo la kwanza analowaza ni parsele. Mjini nafasi imekwisha. Mji ambao wakoloni waliupanga kwa ajili ya watu wachache kando ya Ziwa Kivu leo unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja. Kila mvua kubwa inaponyesha, kuna nyumba kwenye miinuko ya Kadutu zinazoteremka pamoja na udongo. Kwa hiyo macho yanageukia nje ya mji: Nyantende na Mugogo kwenye njia ya Walungu, Mudaka, Miti na Kavumu kwenye njia ya uwanja wa ndege, Nyangezi upande wa kusini. Huko hewa ni ya baridi, maharagwe yanaota, na bei inaonekana ndogo kuliko ya Nguba au Muhumba.

Wanaonunua si wa mjini peke yao. Wako watoto wa Bukavu wanaoishi Kinshasa, Ubelgiji au Kanada, wanaotuma pesa kwa ndugu ili awatafutie hekta moja au mbili za kupanda miti ya mikaliptusi, kufuga ng'ombe, au kujenga nyumba ya uzeeni. Wengi wao wanalipa kabla ya kukanyaga kilima chenyewe. Wanaona picha kwenye simu, wanaona karatasi yenye muhuri, wanatuma pesa.

Kisha kesi inaanza. Mizozo ya udongo ni miongoni mwa kesi zinazojaza tribinali za Kivu ya Kusini, na mingi inafanana: mtu mmoja ana karatasi, mwingine ana migomba iliyopandwa na babu yake, na wote wawili wanasema kweli. Hili halitokani na ujanja wa wauzaji tu, ingawa wajanja wapo. Linatokana na historia. Juu ya karibu kila kilima cha Bushi kuna umiliki wa aina mbili, wa desturi na wa serikali, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeupatanisha. Anayenunua upande mmoja tu amenunua nusu.

Ng'ombe, kasiksi na mashahidi

Wazee husema kwamba jina Bukavu lenyewe linatokana na neno la Kishi linalohusu ng'ombe, kwamba mahali pa mji palikuwa malisho. Ni vizuri kulikumbuka, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa pesa ya udongo.

Zamani, katika Kabare na Ngweshe, udongo ulihesabiwa kuwa wa mwami. Mwami hakuwa mwenye duka anayeuza. Alikuwa mlinzi anayegawa. Chini yake walikuwapo watoto wake, wakubwa wa vilima na wazee wa heshima wanaoitwa bashamuka, kila mmoja akigawa sehemu aliyokabidhiwa. Mtu aliyetaka shamba hakutuma ujumbe tu. Alikwenda mwenyewe, akaonekana, akajulikana ni wa ukoo gani na ametoka wapi. Alikwenda na pombe ya ndizi, ile kasiksi ambayo mpaka leo haikosekani kwenye mambo makubwa ya familia.

Akikubaliwa, alitoa kalinzi. Kwa kawaida ilikuwa ng'ombe, mmoja au zaidi kulingana na ukubwa wa shamba, na pengine mbuzi kwa kipande kidogo. Alitoa mbele ya mashahidi, na watu wakakunywa pamoja. Tangu siku hiyo shamba lilikuwa lake, na watoto wake wangelirithi. Lakini kalinzi haikuwa bei iliyomaliza mambo. Ilikuwa kifungo. Aliyepokea udongo alibaki na wajibu wa utii na heshima kwa aliyempa, na akimsaliti angeweza kunyang'anywa.

Asiyekuwa na ng'ombe alikuwa na njia nyingine, nayo ni bwasa. Aliomba kipande kwa mwenye kalinzi, akalima kwa msimu mmoja au mwaka, akalipa kwa siku za kazi, kwa pombe, au kwa sehemu ya mavuno. Sharti kubwa la bwasa lilikuwa hili: usipande mgomba, usipande mti, na baadaye kahawa ilipofika, usipande kahawa. Panda maharagwe, mtama, viazi vitamu, vuna, rudisha shamba. Sababu iko wazi. Mgomba unakaa miaka mingi na kuzaa wengine. Aliyepanda mgomba alikuwa kama ameandika jina lake udongoni.

Katika utaratibu huo, kilima kimoja kilibeba haki za watu wengi kwa wakati mmoja. Mwami alikuwa na yake, mkubwa wa kilima yake, mwenye kalinzi yake, mwenye bwasa yake ya msimu, na wachungaji walikuwa na ruhusa ya kupitisha ng'ombe baada ya mavuno. Hakuna aliyekuwa na yote. Neno "mwenyewe", kama linavyoeleweka kwenye ofisi ya kadasta, halikulingana na mtu yeyote pale kilimani.

Udongo "mtupu"

Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Mfalme Léopold wa Pili ilitangaza kwamba ardhi tupu, isiyokaliwa na mtu, ni mali ya serikali. Sentensi hiyo fupi iliandikwa mbali sana na Bushi, na ilichukua miaka kabla ya kufika Kivu. Kituo cha wazungu kiliwekwa Bukavu mwaka wa 1901. Mwaka wa 1908 Ubelgiji ukachukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme wake, na sentensi ile ikabaki.

Shida ilikuwa neno "tupu". Mzungu aliona malisho bila nyumba akasema hapa hapana mtu. Mshi aliona benki yake. Mzungu aliona shamba lililoachwa lipumzike, akasema limetupwa. Mwenyewe alijua kwamba baada ya misimu miwili atarudi.

Mwaka wa 1928 kikaundwa chombo kilichoitwa Comité National du Kivu, CNKi kwa kifupi. Kazi yake ilikuwa kugawa ardhi ya Kivu kwa walowezi na makampuni. Mji nao ulikuwa umeitwa Costermansville, jina la ofisa mkubwa wa kikoloni, na jina hilo lilidumu hadi miaka ya 1950. Nchi ya Kivu ilisifiwa Ulaya kama mahali pa familia za wazungu: ziwa zuri, mwinuko wa mita karibu 1.500 na kupanda, baridi ya kupendeza. Walowezi wakafika. Kuanzia kando ya ziwa, kupitia Kabare mpaka Katana, na kwenye vilima vya Walungu, yakatokea mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinkina, ule mti ambao ganda lake linatoa kinini, dawa ya malaria. Vituo vya utafiti navyo vikachukua nafasi yao: INEAC, iliyoundwa mwaka wa 1933, ikawa na kituo Mulungu, na IRSAC, iliyoundwa mwaka wa 1947, ikajenga Lwiro majengo ambayo wageni wanayatembelea mpaka leo.

Sheria ilidai uchunguzi kabla ya kugawa. Dekre ya mwaka wa 1934 ilitaka ihakikishwe kwamba ardhi ni tupu kweli, na wenyeji wenye haki walipwe. Lakini uchunguzi huo ulimtafuta nani? Mara nyingi ulimtafuta chifu, kwa sababu utawala wa kikoloni ulipita kwa machifu. Mwenye bwasa hakuwa na sauti. Mchungaji hakuwa na sauti. Mwanamke aliyelima shamba la mumewe hakuulizwa. Wengi wa hao baadaye walikuja kufanya kazi ya mshahara mdogo kwenye mashamba yaliyofungua njia juu ya malisho yao.

Wakati huohuo pesa iliingia vijijini, kwa kodi na kwa mshahara. Ikazaliwa njia ya tatu ambayo Washi waliiita bugule, kununua moja kwa moja. Mtu alitoa franga, akachukua shamba, na hakudaiwa tena utii wala siku za kazi. Bugule ndiyo mama wa mauzo yote yanayofanyika leo Mudaka au Nyantende. Ilianza kama njia ya kumfungua mkulima kutoka kwa mkubwa wake. Baadaye ikawa pia njia ya udongo kuhama kutoka kwa asiye na pesa kwenda kwa aliye nazo.

Kutoka uhuru mpaka 1973

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Walowezi wengi waliondoka katika miaka iliyofuata, hasa baada ya mwaka wa 1967, wakati mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji wa Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba. Waliobaki walikutana na siasa mpya. Sheria ya Bakajika ya Juni 1966 ilirudishia taifa mamlaka juu ya ardhi na madini ambayo wakoloni walikuwa wameyagawa kwa makampuni. Wakulima wengi walitumaini kwamba udongo wa babu zao sasa utarudi.

Haukurudi kwao. Ulirudi serikalini.

Tarehe 20 Julai 1973 ilitiwa sahihi sheria ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mambo ya udongo Kongo. Kifungu chake cha 53 kinasema kwamba udongo ni mali ya dola peke yake, hauuzwi, na haupotei kwa muda kupita. Raia hapati udongo wenyewe, bali haki ya kuutumia, inayoitwa konsesio: ya kudumu kwa Mkongomani, ya muda kwa mgeni na kwa kampuni. Na haki hiyo inathibitishwa na kitu kimoja tu, hati ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi, ile watu wa Bukavu wanayoiita sertifika. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka wa 1980, lakini mti wake ulibaki uleule.

Miezi michache baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza zaïrianisation. Mashamba na biashara za wageni vilikabidhiwa kwa raia. Huko Kabare na Walungu, mashamba ya kahawa na chai yaliangukia mikononi mwa watu wenye vyeo na marafiki wa utawala. Wengine waliyatunza, wengine waliyaacha yakawa vichaka. Majirani walioona vichaka waliingia wakalima, wengine kwa bwasa, wengine bila kumwuliza mtu. Mashamba hayo ndiyo yanayogombaniwa leo. Mtoto wa aliyepewa mwaka wa 1973 anakuja na hati, na anakuta familia hamsini zina migomba mirefu.

Vifungu vitatu vilivyosubiri

Je, sheria ya 1973 ilisema nini juu ya kalinzi? Vifungu vya 387, 388 na 389 vinagusa ardhi inayokaliwa na jamii za wenyeji. Kinasema kwanza kwamba ardhi hiyo nayo imekuwa ya dola. Kisha kinaeleza ni ipi: ile ambayo wenyeji wanaikaa, wanailima au wanaitumia kwa namna yoyote kulingana na desturi. Mwishoni kinaahidi kwamba haki za wenyeji hao zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri.

Mobutu alitawala miaka 24 zaidi bila kuitoa amri hiyo, na waliomfuata waliendelea bila hiyo. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi mkulima mwenye kalinzi ya babu yake alibaki hewani. Sheria haikusema haki yake imekufa, na haikusema inaishi vipi. Mwanasheria wa Bukavu, Séverin Mugangu, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kilichotoka mwaka wa 1997, na mfano aliouchukua ulikuwa Bushi.

Katika hewa hiyo, watu walijitengenezea njia. Machifu waliendelea kupokea kalinzi, na kidogokidogo wakaanza kuiandika. Leo mnunuzi anaweza kupewa karatasi yenye muhuri wa sheferi, yenye majina ya mashahidi, na inaonekana kama hati. Kijijini ina nguvu kweli. Lakini mbele ya konservateri ni ushahidi wa mazungumzo tu, si sertifika. Kwa upande mwingine, mtu wa mjini aliyejua ofisi aliweza kupata sertifika ya kilima ambacho wakaaji wake hawakujua kwamba kimepimwa. Na kifungu cha 227 kinasema kwamba sertifika ikishapita miaka miwili, haivunjwi kirahisi. Aliyekuwa shambani akilima hakujua kwamba saa inahesabu.

Ndiyo maana kilima kimoja kinaweza kuwa na karatasi mbili, kila moja na muhuri wake, kila moja na mtu aliyelipa.

Pale karatasi zilipogongana

Mifano haiko mbali. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka wa 1970 ikiwa na hekta 60.000, ikapanuliwa mwaka wa 1975 mpaka hekta 600.000. Wabatwa walioishi msituni walifukuzwa bila kupewa udongo mwingine, na upanuzi ulifunika vijiji vilivyokuwa na machifu na mashamba yao. Kwenye njia nyembamba inayounganisha sehemu mbili za mbuga, upande wa Nindja, watu wenye uwezo walipata hati za mashamba ya ng'ombe ndani ya eneo ambalo ramani nyingine ya serikali hiyohiyo iliita mbuga. Mwaka wa 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyosema kwamba haki za Wabatwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka hamsini tangu mbuga itangazwe.

Mfano mwingine ni Mbobero, kaskazini kidogo ya mji, katika wilaya ya Kabare. Mwaka wa 2016 na tena 2018, nyumba nyingi zilibomolewa huko katika mzozo wa shamba lililohusishwa na Rais wa wakati ule, Joseph Kabila. Wakaaji walionyesha karatasi zao na miaka waliyokaa. Upande wa pili ulionyesha hati ya shamba la zamani. Kesi hiyo ilijulikana nchi nzima kwa sababu ya jina kubwa lililokuwa ndani yake, lakini umbo lake ni lilelile la kesi ndogo zisizoandikwa na gazeti lolote.

Vita viliongeza mafundo. Mwaka wa 1994 kambi za wakimbizi kutoka Rwanda ziliwekwa Kashusha na Inera, kwenye njia ya Kavumu. Mwaka wa 1996 vita vikaanza, watu wakakimbia, mashamba yakabaki, wengine wakaingia. Karibu na mwaka wa 2000 pesa ya koltani ilitafuta mahali pa kujificha, na sehemu yake ikanunua udongo. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na tena kuna waliokimbia na kuacha parsele mikononi mwa majirani. Kila mara watu wanapokimbia, wanaondoka mashahidi. Na kalinzi bila mashahidi ni ng'ombe aliyepotea.

Aliyenunua anatembelea nini

Historia hii ina faida kwa mtu anayeweka pesa yake. Inamwonyesha kwa nini kutembelea kilima si starehe ya Jumapili, bali ni sehemu ya ununuzi wenyewe, kama ilivyokuwa zamani kwa mtu aliyekwenda na kasiksi kwa mkubwa wa kilima.

Jambo la kwanza la kutazama ni mimea. Migomba, kahawa na miti mikubwa vinasema kwamba kuna mtu anayejiona mwenyewe wa pale. Kama muuzaji anasema shamba ni tupu na lina migomba, basi kuna jina halijatajwa. Maharagwe na viazi peke yake vinaweza kumaanisha bwasa: kuna mwenye msimu, na juu yake kuna mwenye kalinzi. Kaburi linasema zaidi ya mgomba.

Jambo la pili ni majirani wa pande zote nne. Mpaka wa kilimani haumo kwenye ramani, umo vichwani mwa watu na kwenye miti waliyoipanda. Jirani aliyeulizwa mapema anakuwa shahidi. Jirani asiyeulizwa anaweza kuwa mshitaki. Inafaa kwenda zaidi ya mara moja, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, kwa sababu mtu anayelima kwa msimu haonekani siku zote.

Jambo la tatu ni familia ya muuzaji. Shamba la kalinzi linarithiwa, kwa hiyo anayeuza mara nyingi ni mmoja kati ya wengi. Kwa desturi ya Bushi warithi walikuwa wanaume. Lakini sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inawapa watoto wote haki ya kurithi, wa kike kama wa kiume. Dada aliyeolewa Kaziba na hakuulizwa anaweza kufika tribinalini baada ya miaka mitano na kusema kwamba sehemu yake iliuzwa. Mke anayelima shamba hilo naye anapaswa kuwapo siku ya kusaini, si kupika chakula cha wageni tu.

Jambo la nne ni ofisi mbili, si moja. Mkubwa wa kijiji, gurupoma na sheferi wanajua historia ya kilima. Kadasta na konservateri wanajua kama kilima kimeshapimwa na kupewa mtu mwingine, kama kimo ndani ya konsesio ya zamani, au kama kinaingia mbugani. Anayepita kwa chifu tu anaweza kugundua kwamba alinunua ndani ya shamba la mlowezi wa mwaka wa 1930. Anayepita kwenye kadasta tu anaweza kufika na matofali akakuta kijiji kizima kimekaa barabarani. Sheria ya 1973 yenyewe inadai uchunguzi wa kilimani kabla ya kugawa udongo wa kijijini. Mnunuzi ana faida ya kudai uchunguzi huo ufanyike kweli, watu wakusanyike na waulizwe, badala ya kufurahi kwamba umepita haraka kwenye meza.

Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iliandikisha udongo wake wote kati ya 2009 na 2013, zaidi ya vipande milioni 10, wakipita kilima kwa kilima na majirani wakisimama kwenye mipaka. Kazi hiyo nayo ina malalamiko yake. Lakini ilitatua swali moja ambalo Bushi bado inalo: kwamba mtu wa kilimani na mtu wa ofisini waangalie karatasi moja.

Anayebaki bila shamba

Mazungumzo ya uwekezaji huishia kwa mnunuzi. Kuna mtu wa pili. Katika Walungu na Kabare mashamba ya familia yamegawanywa kati ya watoto kizazi baada ya kizazi, mpaka mengine hayatoshi kulisha nyumba moja. Mtu anauza mara nyingi siku ya shida: mgonjwa hospitalini, minerval ya mtoto, faini, mahari. Bei ya siku ya shida si bei ya udongo.

Na aliyelima kwa bwasa hapati hata bei hiyo. Shamba likiuzwa, yeye anaambiwa avune na aondoke. Mara nyingi huyo ni mwanamke, na mavuno yake ndiyo yanayofika sokoni Kadutu na Nyawera. Hekta ikigeuka kuwa mikaliptusi ya mtu aliye Brussels, mji wenyewe unanunua maharagwe kutoka mbali zaidi.

Baadhi ya wanunuzi wamepata njia inayotuliza moto. Wanaandika mkataba na waliokuwa wakilima, wanawaachia misimu miwili au mitatu, wanawapa kazi ya kutunza miti, au wanawaruhusu kulima kati ya mistari mpaka miti iwe mikubwa. Mkataba unasainiwa mbele ya mkubwa wa kijiji na kila mmoja anapata nakala. Ukitazama vizuri, ni bwasa iliyoandikwa: mwenye udongo anajulikana, mwenye msimu anajulikana, na muda unajulikana.

Wanaofanya hivyo hawafanyi kwa huruma peke yake. Mwenye parsele anaishi Nguba au Montréal, na usiku hayupo kilimani. Anayelinda miche yake, anayezima moto wa kiangazi, na atakayesimama tribinalini kusema "huyu alikuja, tulimwona, alilipa mbele yetu", ni jirani yuleyule aliyeachiwa msimu wa maharagwe.